Dakika ya Mwisho Ina Fundi Wake

Tangu Mtanzania Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili katika NBA mwaka 2009, na Memphis Grizzlies, kila kijana mrefu hapa kwetu huambiwa akajifunze kudanki. Sina ugomvi na danki. Ila jioni moja Moshi, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa, mlima umeshajifunika mawingu, nilimtazama binti mfupi akilinda pointi tatu. Siku hiyo nilibadili ninachokisifu.

Zilibaki sekunde 40. Timu yake inaongoza 48 kwa 45 na mpira wanao. Sisi watazamaji tukapiga kelele: "Funga! Funga!" Binti hakutusikia, au alitusikia akatupuuza. Aliudunda mpira kwa mkono ulio mbali na mlinzi wake, magoti yamekunjwa, bega mbele, macho juu. Kila aliposukumwa kuelekea pembeni alirudi katikati, maana mstari wa pembeni ni mlinzi wa sita asiyechoka, na mstari wa kati, ukishauvuka, ni wa saba.

Hesabu yake ni hii. Timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutupa. Ukikurupuka ukatupa baada ya sita, unamwachia mpinzani 34, muda wa kufunga na bado akabaki na chenji. Ukizitumia 22, unamwachia 18 na moyo unaodunda kuliko mpira. Nilipokuwa mchezaji sikuijua hesabu hii. Nilitupa mapema, nikakosa, tukasawazishiwa; kocha hakunisemesha siku mbili.

Wazee wa Kichagga wanaijua elimu hii bila kikapu. Maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, huingia kihambani, shamba la migomba la nyumbani, kwa zamu. Zamu yako ikifika huyafungulii yote kwa pupa yakateremka hadi kwa jirani. Unayaongoza mgomba kwa mgomba, jembe mkononi, ukijua muda ukiisha umeisha.

Kwenye kikapu, zamani kulinda uongozi kulikuwa kuficha mpira tu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima! Mwaka 1954 NBA ikaweka saa ya sekunde 24. Mimi naishukuru saa hiyo. Bila yake kazi hii ingebaki kujificha, na kujificha hakuhitaji fundi.

Anayefuata nyuma hana njia ila kukufanyia faulo ili saa isimame, na kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo moja, unapewa mitupo huru miwili. Kwa hiyo mpira wa dakika ya mwisho ashike anayejua mitupo hiyo. Kocha anayeliachia jitu lisilojua kutupa amempa fisi bucha. Wapo makocha ambao, wakiongoza kwa tatu, huagiza mpinzani afanyiwe faulo ili apate mitupo miwili badala ya pointi tatu. Naona ni kamari: mlinzi asipoucheza mpira, mwamuzi ataiita faulo isiyo ya kimichezo, na mpinzani atapata mitupo miwili na mpira juu yake.

Wapinzani walimfukuza yule binti sekunde 20 hivi, wakachoka, wakamshika mkono. Alikwenda mstarini, akafuta viganja kwenye bukta, akadunda mara tatu. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukazunguka chuma, nao ukaingia. Wenzake hawakushangilia, walikuwa wamesharudi nyuma kulinda mstari wa pointi tatu. Pointi tatu zilifungwa kweli, lakini zikiwa zimechelewa, na mechi ikaisha 50 kwa 48.

Watu waliingia uwanjani wakambeba mfungaji bora. Mimi nilikwenda kumpa mkono yule mfupi.