Bunduki za Tippu Tip zilitoka wapi?

Wengi husoma Maisha ya Hamed bin Muhammed kama kitabu cha safari na pembe za ndovu. Mimi safari hii nimekisoma nikifuata bunduki. Zimejaa! Tippu Tip anazihesabu kama anavyohesabu frasila. Aliyemkopesha mali, Taria Topan, anatutajia. Waliofua bunduki, kimya.

Kwa mkusanyaji wa bunduki kongwe, hilo ndilo swali la kwanza. Hukagua chuma: herufi ELG ndani ya umbo la yai ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji. Taji na neno TOWER ni Uingereza. Ila tahadhari, mafundi wa Liège nao waligonga TOWER kwenye magobore ya biashara. Kumbe hata alama husema uongo.

Hapa ndipo kitabu kinaponisumbua. Wazungu wanaingia humo kama wageni, Livingstone leo, Stanley kesho, naye mwenyeji anawasaidia. Wakati huohuo viwanda vyao viko begani mwa watu wake. Mwaka 1890, kwa Mkataba wa Brussels, Wazungu haohao wakaibana biashara ya silaha.

Kitabu chenyewe kina muhuri: kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kikachapwa Berlin na Heinrich Brode, 1902 hadi 1903.

Kisomeni, Kiswahili chake kitamu. Ila mwenye nyumba ya Shangani akianza kuhesabu bunduki, muulize kila moja ilitoka wapi, na ilielekezwa kwa nani.