Sifa za Madoa Hafifu

Katika maabara ya fuwele, kazi ninayoistahi kuliko zote ni kupima shaka. Eksirei zikipenya fuwele ya protini hutawanyika na kuacha maelfu ya madoa kwenye kigunduzi, na nguvu za madoa hayo ndizo zinazofichua atomu zilivyopangika. Hakuna doa lisilo na kelele. Basi mpimaji huandika namba mbili: nguvu ya doa, na sigma, yaani kadirio la kosa lake. Akigawanya ya kwanza kwa ya pili, anajua doa ni la kuaminiwa kiasi gani.

Fotoni 100 zina shaka ya 10, kipeuo chake cha pili; fotoni 10,000 zina shaka ya 100. Mwanga umezidi mara mia, uhakika mara kumi tu. Tena kuna mandharinyuma, fotoni zilizotawanywa na maji na hewa. Hizo hutolewa, ila shaka yake haitolewi, hujumlishwa. Doa likihesabiwa 120 na mandharinyuma ya eneo lilelile 100, zinabaki 20, na sigma ni kipeuo cha pili cha 220, karibu 15. Uwiano haufiki hata moja na nusu. Napenda mno ukweli wa hesabu hii: haimruhusu mtu kujisafishia data kwa kutoa tu.

Doa hafifu huweza hata kutoka hasi. Mwenye haraka hulifuta. Fundi hulitunza, maana ukifuta hasi na kubakiza chanya zilizobahatika, wastani unapanda kwa uongo. French na Wilson walionyesha mwaka 1978 namna ya kuzitumia hasi hizo kwa haki.

Kwa miaka mingi wengi walikata data pale wastani wa uwiano uliposhuka hadi 2. Mwaka 2012 Karplus na Diederichs walithibitisha kwamba madoa yaliyo chini ya hapo bado huboresha umbo la molekuli. Kipimo chao ni chepesi na kizuri: gawa vipimo vya kila doa mafungu mawili kwa bahati nasibu, kisha uone kama mafungu hayo yanakubaliana.

Msomaji, ukikutana na picha ya protini iliyopakwa rangi za kuvutia, usiishie hapo. Fungua jedwali la takwimu utafute namba za tabaka la nje, yaani kundi la madoa yaliyo mbali zaidi na kitovu, ambayo kwa kawaida ndiyo hafifu kuliko yote; namba hizo kwa kawaida huwekwa kwenye mabano. Zisome kwanza.