Wanaopima Mkwamo

Wapo watu ambao kazi yao ni kuhesabu mikwamo ya video. Filamu yenyewe haiwahusu. Wanachotafuta ni sekunde zinazopita tangu mtu abonyeze mpaka picha itokee, muda ambao kiduara kilizunguka, na mara ambazo sura ya mchezaji iligeuka ukungu kisha ikarudi. Wakishapata hayo, huziweka teknolojia zinazoshindana kwenye mizani moja na kutamka ni ipi iliyomtendea mtazamaji vizuri. Nawasoma watu hawa nikiwa Kasulu, ambako mtandao wa mjini ni mmoja na ule wa ng'ambo ya kilima, njia ya Heru Juu, ni mwingine. Kadiri ninavyowasoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kupima nako ni ufundi, tena mgumu kuliko kutengeneza hicho kinachopimwa.

Kwanza tuelewe kinachoshindaniwa. Video ya mtandaoni ya leo haisafiri ikiwa nzima. Enzi za programu ya Flash, seva ilimmiminia mtazamaji picha mfululizo kwa muunganisho mmoja, na ukikatika, shughuli imekwisha. Mwaka 2009 Apple ikaleta HLS. Mwaka 2012 ikatoka DASH, kiwango cha kimataifa. Wazo la zote mbili ni moja: video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande huandaliwa kwa ubora wa ngazi kadhaa, kuanzia ile picha hafifu ya 144 hadi 1080 na zaidi, kisha simu yenyewe ndiyo inayoomba kipande kimoja baada ya kingine. Wengi hubishana HLS na DASH ipi bora. Kwa maoni yangu ubishi huo una faida ndogo. Shindano lenyewe limo ndani ya simu, kwenye swali ambalo programu ya kuchezea video hujiuliza kila baada ya sekunde chache: kipande kijacho nichukue cha ubora gani? Ikiwa na tamaa sana, video inakwama. Ikiogopa sana, mtu anatazama ukungu wakati mtandao ungeweza kumpa picha safi.

Jibu la haraka ni kukisia kasi: kipande kilichopita kilikuja kwa kasi gani, basi kijacho kitakuja hivyohivyo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jinsi ukisiaji huo unavyojidanganya. Akiba ya video iliyopakuliwa mapema ikijaa, simu hupumzika kidogo kabla ya kuomba tena. Ikirudi njiani inakuta mpakuaji mwingine ameshachukua nafasi yote, inapima kasi ndogo, inashuka ngazi. Kipande cha ngazi ya chini ni kidogo, hakipati muda wa kudai sehemu yake ya njia, kwa hiyo kipimo kinachofuata ni kibaya zaidi, na simu inashuka tena. Njia haikuwa mbovu kiasi hicho. Simu imejishusha yenyewe. Aliyewahi kuwagawia wadogo zake hotspot jioni, mmoja akipakua na mwingine akitazama, ameishi ndani ya jambo hili bila kuambiwa chanzo chake.

Na huku kwetu kukisia ni kugumu maradufu. Video anayotazama kijana wa Murubona, hapa Kasulu, huenda imeanzia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, au imevuka bahari. Njiani umeme wa mnara unaweza kukatika, watu wakarudi nyumbani wote kwa pamoja na kuwasha data, au likatokea kubwa kama la 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na mtandao wa Afrika Mashariki ukazorota.

Ndiyo maana nilisimama kwa muda mrefu kwenye kazi ya mwaka 2014 ya Te-Yuan Huang na wenzake wa Stanford na Netflix. Waliuliza: je, tukiacha kukisia kabisa? Simu itazame akiba yake tu, yaani ni sekunde ngapi za video zimeshapakuliwa zikisubiri kuchezwa. Akiba ikiwa ndogo, chukua ngazi ya chini. Ikiongezeka, panda. Ikijaa, chukua ngazi ya juu. Ni hesabu ya mkulima wa maharage anayepanga mlo kwa kutazama ghala, wala habahatishi mvua ya msimu ujao. Waliona kwamba mwanzoni tu, akiba ikiwa bado tupu, ndipo makisio ya kasi yanahitajika. Kisha wakaijaribu kanuni yao kwa watazamaji halisi wa Netflix, na mikwamo ikapungua kwa asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na kanuni iliyokuwa ikitumika. Naipenda kazi hiyo kwa sababu waliokuwa na kompyuta za kila aina na data ya mamilioni ya watu waliamua kuondoa badala ya kuongeza.

Lakini upimaji ulionivuta kuliko wote ulikuja baadaye, Stanford palepale, kwa jina la Puffer. Kabla yake, kanuni nyingi mpya zilishinda ndani ya maabara, kwenye mtandao wa kuigiza. Pensieve, iliyotoka MIT mwaka 2017, ilijifunza yenyewe kwa kompyuta na kuzishinda zilizotangulia kwenye majaribio ya namna hiyo. Watu wa Puffer wakaanzisha huduma ya bure ya kutazama vituo vya televisheni vya Marekani mtandaoni, na kila aliyeingia akapangiwa kanuni mojawapo kwa bahati nasibu, bila yeye kujua ni ipi. Ni utaratibu uleule wa kujaribu dawa hospitalini. Ripoti yao ya mwaka 2020 inasema walikuwa wamerusha video ambayo ukiijumlisha inafika miaka 38.6, kwa watumiaji 63,508.

Kwa nini video nyingi hivyo? Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Katika mitiririko waliyoichambua, ni asilimia 4 tu iliyokwama hata mara moja. Mikwamo ni michache, na mibaya kabisa inawaangukia watu wachache sana, kwa hiyo mtu mmoja mwenye mtandao wa taabu anaweza kupotosha wastani wa kanuni nzima. Walipiga hesabu wakakuta kwamba hata ukiwa na mwaka mzima wa video kwa kila kanuni, huwezi kutofautisha kwa uhakika kanuni mbili zilizoachana kwa asilimia 20. Fikiria ni madai mangapi ya "yetu haikwami" yaliyosimama juu ya majaribio ya siku chache! Na baada ya jasho lote hilo wakaandika bila kuficha kwamba kanuni sahili ya kutazama akiba ilizipa shida kubwa kanuni zenye akili nyingi. Huko nje, ushindi wa maabara haukuzifuata. Kanuni yao wenyewe, Fugu, ilifanikiwa kwa sababu ilijifunza kutokana na mtandao halisi, na ikabashiri jambo dogo linaloweza kuhakikiwa muda mfupi baadaye: kipande hiki kitachukua muda gani kufika.

Uzuri wa picha una wapimaji wake. Zamani walilinganisha nukta kwa nukta na picha ya asili, ila jicho la mtu halihesabu nukta. Netflix ikatoa VMAF mwaka 2016, kipimo cha 0 hadi 100 kilichofundishwa kwa alama za watu waliokalishwa kutazama na kuhukumu. Kwa kipimo cha namna hiyo ndipo unapoona kodeki (njia ya kubana video) ya AV1 ya mwaka 2018 ikileta picha ileile kwa data pungufu kuliko H.264 ya mwaka 2003. Mpimaji makini haishii hapo. Anaishika pia simu. Simu ya bei nafuu isiyo na chipu ya kufungua AV1 huhangaika, hupata joto na kumaliza chaji, na hapo H.264 ya kizee ndiyo inayofaa.

Mpira wa moja kwa moja ndio mtihani mkali. Simba na Yanga zinacheza, kibanda umiza kina dishi, wewe una simu. Goli linaingia, kibanda kinalipuka, na kwenye simu yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Vipande vikiwa vya sekunde 6, na programu ikingoja vitatu kabla ya kuanza, tayari umechelewa sekunde 18 kabla hujahesabu muda wa kuandaa picha na wa safari. Fupisha vipande na punguza akiba, utalisogelea goli, ila mtandao ukiyumba kidogo tu unakwama. Hakuna teknolojia iliyoufuta mvutano huu. Zilizopo zinatofautiana mahali zilipochagua kusimama, na ndiyo maana jedwali lenye safu moja ya "mshindi" silisomi tena.

Puffer, kwa sababu ya haki za matangazo, ilifunguliwa kwa watu walioko Marekani pekee, na hilo linanirudisha kwenye safu ambayo majedwali yale hayana. Akiba kubwa huzuia mkwamo, lakini akiba ni data iliyokwisha kulipiwa. Programu ya Netflix iliyotumika katika utafiti wa 2014 iliweza kubeba akiba ya sekunde 240. Kwa video ya megabiti 1 kwa sekunde hizo ni MB 30. Mtu akitazama kidogo, asipendezwe na kufunga, zimepotea. Mwenye faiba ya mwezi mzima hana habari. Mwenye bando la siku, aliyelinunua dukani kwa chenji ya sabuni, amepoteza kitu ambacho angetazama nacho habari kwa dakika 4. Natamani upimaji huu ufanyike hapa, kwa simu zinazouzwa hapa, saa mbili usiku mtandao ukiwa umelemewa na alfajiri ukiwa mwepesi, mjini na huko Heru Juu, kwa kanuni zilezile na bahati nasibu ileile. Pembeni ya mkwamo, ukungu na kuchelewa, iongezwe safu ya nne: MB zilizolipiwa zisitazamwe. Sidhani kwamba kanuni inayoongoza Stanford ingeongoza na huku, na kwa uvumilivu niliouona kwa wapimaji hawa, naamini wao ndio wangekuwa wa kwanza kutaka kujua.