Jina la Yakobo: Je, Maana Yake ni Mdanganyifu?

Mgeni afikaye Bagamoyo huonyeshwa, penye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Miongoni mwa walioutoa Chitambo pamoja na Susi na Chuma alikuwamo Jacob Wainwright, kijana wa Kiyao aliyeokolewa katika utumwa akasomeshwa Nasik, Bara Hindi. Ndiye aliyesoma sala ulipozikwa moyo wa bwana wake, akachonga maandishi katika mti. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa wachukuzi wa jeneza katika Westminster Abbey.

Jacob ndilo Yakobo letu, nalo ndilo Yakubu la jirani zetu Waislamu. Twaleta habari hii kwa kuwa orodha nyingi za maana za majina hulifasiri kwa neno moja tu: "Mdanganyifu". Mwalimu akimsomea mama maneno hayo wakati wa ubatizo, mama ana haki kuuliza: Mbona mwanangu apewa tusi? Yafaa tafsiri hiyo ipimwe.

Haikosi chanzo. Katika Mwanzo 25:26 mtoto azaliwa mkono wake umeshika kisigino cha Esau, na kisigino kwa Kiebrania ni *akebu*. Katika 27:36 Esau, kwa uchungu wa kunyimwa baraka, aligeuza jina hilo kuwa kitenzi cha mzizi uo huo, chenye maana ya kumwendea mtu kwa hila. Lakini kosa la orodha ni kutwaa neno la mwenye hasira na kulifanya kamusi. Kilio cha Esau chatuonyesha alivyotendewa. Hakituonyeshi jina lilivyoanza.

Katika mabamba ya udongo ya Babeli, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 1,700 kabla ya Kristo, yamo majina ya mzizi huo yaliyounganishwa na jina la Mungu. Ni mzazi gani angemwita mwanawe "Mungu adanganya"? Katika Kigeezi, lugha ya kale ya Uhabeshi, mzizi huo ni kulinda. Kwa hiyo wataalamu wengi husema jina kamili lilikuwa "Mungu na amlinde".

Kiswahili nacho kina neno la ukoo huo, lililotujia kwa Kiarabu: *akiba*, kitu kiwekwacho kwa siku za baadaye. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo maana ya Yakobo. Maneno ya ukoo mmoja hutofautiana, kama walivyotofautiana Esau na pacha wake.

Basi walimu wasichanganye mambo matatu: kisigino ni habari ya kuzaliwa; hila ni lawama ya Esau; ulinzi ndio asili ya jina, kadiri ijulikanavyo. Mama akiuliza, ajibiwe hilo la tatu kwanza. Jacob wa Chitambo na wenzake waliulinda mwili wa marehemu safari ndefu mpaka pwani yetu. Nani angethubutu kumwita mdanganyifu?