Kabla ya Valvu, Unakaa Wapi?

Daktari wa upasuaji anapochagua valvu ya kumwekea mgonjwa wa moyo, picha ya eko, ile ya mawimbi ya sauti, humpa sehemu tu ya jibu. Sehemu iliyobaki iko nyumbani kwa mgonjwa: anaishi wapi, ana umri gani, atataka kuzaa, kituo cha afya kilicho karibu naye kinaweza kumpima damu, na nauli ya kwenda huko itatoka wapi kila mwezi. Hebu tuupitie uamuzi huo kwa kumfikiria msichana wa miaka 16 kutoka Kiogoro, Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, ambaye valvu yake ya mitrali imeharibiwa na homa ya rumatiki.

Wengi wakisikia ugonjwa wa moyo humfikiria mzee mwenye presha. Huu wa rumatiki huanzia kooni mwa mtoto. Bakteria aina ya streptokoka kundi A humletea maumivu ya koo na homa, mambo ambayo nyumba yenye watoto wengi imeyazoea. Wiki mbili au tatu baadaye, kwa watoto wachache, kinga iliyoamshwa kupigana na bakteria hao huugeukia mwili wenyewe. Goti huvimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, na baada ya muda viungo hivyo hupoa kabisa. Moyo haupoi hivyo. Kila maambukizi mapya ya koo yanaweza kuamsha shambulio jipya, na kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu.

Valvu ya mitrali ndiyo huumia zaidi. Iko upande wa kushoto wa moyo, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwilini. Ina ndimi mbili nyembamba zilizofungwa kwa nyuzi, mithili ya kitambaa cha mwavuli na waya zake. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu lake lina eneo la sentimita za mraba 4 hadi 6. Kovu likizishikanisha ndimi na kuzifupisha nyuzi, tundu hupungua; likifika 1.5 au chini ya hapo madaktari huhesabu kwamba mbano umekuwa mkali. Damu hurundikana kuelekea mapafuni. Msichana aliyekuwa akipanda vilima vya Gusii akiwa na mtungi wa maji sasa anasimama kila hatua chache kutafuta pumzi, na usiku hulala amekaa.

Kutoka Kiogoro, kituo cha kwanza ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, mjini. Upasuaji wenyewe unaweza kumpeleka mbele zaidi, kwa barabara ya Keumbu na Keroka, apite Sotik hadi Bomet, iliko Hospitali ya Tenwek. Hospitali hiyo ya misheni ilianzishwa mwaka 1937, na tangu 2008 imekuwa ikifanya upasuaji wa kuufungua moyo, katika mpango ulioongozwa na daktari Russell White kwa kushirikiana na timu za wageni kutoka ng'ambo. Leo inawafundisha pia madaktari wa Kiafrika kazi hiyo. Kwa familia ya Kisii umbali huu una maana kubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani: mama anaweza kwenda kumwona mtoto wake wodini na kurudi.

Gusii haikuwahi kukiogopa kisu. Wapasuaji wake wa jadi, ababari, walijulikana kwa kumfungua fuvu mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Jeraha likipona, mtu alirudi shambani kwake. Upasuaji wa valvu una tabia nyingine, maana kidonda kikishafunga ndipo kazi ndefu inapoanza.

Ndani ya chumba cha upasuaji mambo huenda hivi. Mfupa wa kati wa kifua hupasuliwa kwa msumeno. Mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande itakapopita kwenye mirija ya plastiki. Mirija hiyo huichukua damu inaporudi moyoni na kuipeleka kwenye mashine ya moyo na mapafu, ile ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza huko Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Mashine huitia damu oksijeni, huiondolea hewa chafu, huipoza kiasi, kisha huirudisha mwilini kupitia aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Aota hubanwa kwa koleo, na maji baridi yenye potasiamu nyingi huingizwa kwenye mishipa inayoulisha moyo. Moyo husimama. Kuanzia hapo saa inahesabu, kwa sababu msuli wa moyo haupati damu mpaka koleo lile litolewe.

Sasa daktari anaiona valvu kwa macho yake. Kama mgonjwa angekuwa na mbano peke yake, bila damu kuvuja kurudi nyuma na bila kovu gumu, huenda asingefika hapa kabisa: puto dogo lililopitishwa kwenye mshipa wa paja, kwa njia aliyoibuni Kanji Inoue wa Japani katika miaka ya 1980, lingetosha kuzitenganisha ndimi. Kwa msichana wetu valvu inabana na kuvuja kwa pamoja. Ikiwa ndimi bado ni laini, daktari atajaribu kuikarabati: atazitenganisha kwa kisu, atazilegeza nyuzi, atashona pete kuizunguka. Ukarabati unaokubali ndio bora kwa kijana, kwa kuwa unamwachia valvu yake mwenyewe. Lakini ugonjwa wa rumatiki huendelea kutengeneza kovu, na valvu iliyokarabatiwa vizuri leo inaweza kubana tena baada ya miaka.

Isipokarabatika, hutolewa, na hapa ndipo swali la nyumbani linapoingia chumbani. Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifanikiwa na valvu yao ya bandia huko Oregon mwaka 1960, na leo njia ni mbili. Valvu ya chuma, ambayo siku hizi ndimi zake ni za kaboni ngumu, inaweza kudumu maisha yote, ila damu huelekea kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa humeza warfarini mpaka mwisho wa maisha. Valvu ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida haidai warfarini baada ya miezi ya mwanzo ikiwa mapigo ya moyo yana mpangilio. Tatizo lake ni kwamba kwa vijana hukakamaa na kuchakaa mapema, na kufungua kifua mara ya pili kuna hatari zaidi kuliko mara ya kwanza. Miongozo ya nchi tajiri huielekeza valvu ya tishu kwa wazee. Wagonjwa wetu ni wasichana wa shule.

Warfarini ni dawa ya bei nafuu na yenye masharti makali. Kwa valvu ya chuma ya mitrali, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinatakiwa kikae kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kuleta kiharusi. Kikipanda mno, mgonjwa anaweza kutokwa damu tumboni au kwenye ubongo. Dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho zilileta matumaini, lakini dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye valvu za chuma, jaribio lilisimamishwa mapema, na matokeo ya 2013 yalionyesha kwamba iliwaletea madonge zaidi ya damu na kutokwa damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliowafuatilia zaidi ya watu 4,500 wenye ugonjwa wa rumatiki na mapigo yasiyo na mpangilio, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa hiyo kipimo bado kipo nasi.

Chakula nacho kina sauti. Vitamini K huipunguzia warfarini nguvu, nayo imejaa kwenye mboga za majani. Kumwambia mtu wa Kisii aache chinsaga na rinagu ni kumwondoa mezani pa kwao, tena si lazima. Anachohitaji ni kula kiasi kinacholingana wiki baada ya wiki, na dozi irekebishwe kufuata mlo wake. Hatari huja anapoacha mboga ghafla, au anapozila kwa wingi baada ya kuziacha.

Kisha kuna uzazi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hatari huongezeka dozi inapozidi miligramu 5 kwa siku. Kuiacha bila mpango kunaiweka valvu hatarini. Msichana wa miaka 16 anastahili kuambiwa haya kabla ya upasuaji, kwa lugha anayoielewa, mama yake akiwa kando yake. Naliona hili kuwa sehemu ya upasuaji wenyewe, sawa na kushona.

Kwa maoni yangu, bei ya valvu ya chuma haijakamilika mpaka ihesabiwe pamoja na mashine ndogo ya INR, ile inayotumia tone la damu la kidole, iliyo karibu na anakoishi mgonjwa. Bila hiyo, daktari anayependelea valvu ya tishu huku akijua itachakaa hana kosa.

Na kuna sindano. Hata baada ya upasuaji, maambukizi mapya ya koo yanaweza kuziumiza valvu zilizobaki, ndiyo maana penisilini ya benzathini hutolewa kila baada ya wiki nne, sindano 13 kwa mwaka, kwa miaka mingi. Ni dawa nzito inayoziba sindano ikicheleweshwa, na inauma. Thamani yake ilionekana Gulu, Uganda, katika utafiti wa GOAL wa Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao uliochapishwa 2021. Watoto zaidi ya 100,000 walipimwa kwa eko, na wale wenye dalili za mwanzo, ambao hawakuhisi chochote, wakagawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa sindano, na kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa. Kama msichana wetu angepimwa hivyo akiwa darasa la tatu, huenda msumeno usingehitajika.

Kwa mwenye ugonjwa mkali wa valvu sindano ina tahadhari yake. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba baadhi ya vifo vilivyodhaniwa kuwa vya mzio huenda vilitokana na moyo dhaifu kushindwa kuhimili shinikizo la damu linaposhuka ghafla, kikashauri wagonjwa wa namna hiyo wapewe vidonge. Muuguzi wa zahanati hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni. Anahitaji kulikuta kwenye kijitabu cha mgonjwa, limeandikwa na hospitali iliyompasua, pamoja na aina ya valvu, lengo la INR, dozi ya warfarini na namba ya simu ya kupiga.