Kunasa, Kung'amua na Kurekodi: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Televisheni vya Nyumbani

Zipo istilahi ambazo wafasiri na walimu huziona nyepesi mpaka siku watakapotakiwa kuzifafanua. Miongoni mwake ni zile za vyombo vya kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani. Shabaha ya makala haya ni kuzipima istilahi tatu zinazotumika, yaani kinasa, king'amuzi na rekoda, na kuona kama zinamtosha mtumiaji. Tumechagua kuzipimia katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kwa kuwa huko hukutana mambo matatu yenye kuitia lugha majaribuni: milima, mpaka wa nchi, na lugha ya Kinyambo.

Kwanza tutazame vyombo vyenyewe. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na kwa muda mrefu aliyetaka kuweka kipindi alitumia deki na kanda ya video, ambayo aghalabu ilichukua saa tatu. Huko Marekani vyombo vya kurekodi katika diski vilianza kuuzwa mwaka 1999. Kwetu mabadiliko makubwa yalikuja pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Hapo ndipo neno king'amuzi lilipoenea nchi nzima.

Neno hilo twalisifu. Limetokana na kitenzi ng'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na kazi ya chombo ni hiyo hiyo: kuyafumbua matangazo yaliyokuja katika hali isiyosomeka. Kasoro haimo katika neno, bali katika kulibebesha mizigo isiyo yake. Siku hizi kila kisanduku kinachokaa chini ya televisheni huitwa king'amuzi, ilhali viko vya aina tatu. Kuna kinachopokea na kung'amua tu, hakiweki chochote. Kuna chenye tundu la flashi, ambacho hurekodi endapo mwenyewe atachomeka flashi yake. Tena kuna chenye diski ndani, na mara nyingi vipokezi viwili, hata mtu aweza kutazama stesheni moja huku akirekodi nyingine.

Tofauti hizi si za urembo. Matangazo yakija kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, saa moja ya kipindi hujaza takriban gigabaiti 1.8. Flashi ya gigabaiti 32 basi huchukua saa 17 hivi, na diski ya gigabaiti 500 huchukua zaidi ya saa 270. Zaidi ya hayo, vyombo vingi vya malipo hukifunga kipindi kilichorekodiwa kisichezwe katika chombo kingine. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, vipindi vya masomo vilirushwa redioni na katika televisheni. Mwalimu wa Nkwenda au wa Kayanga aliyetaka kuviweka ili wanafunzi wavitazame baadaye alihitaji kujua ni chombo cha aina gani alichonacho, na neno king'amuzi peke yake lisingemwambia.

Sasa tuje kwenye kinasa. Wapo wanaopendekeza neno hili kwa hoja kwamba limo katika kinasasauti, na kwamba mzizi wake ni wa Kibantu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba kunasa, katika mambo ya redio na televisheni, kuna maana mbili. Mtu husema chombo chake kinanasa akiwa na maana kwamba kinapokea mawimbi. Mwingine husema kinanasa akiwa na maana kwamba kinaweka sauti au picha. Karagwe ni nchi ya milima na mabonde, na kwa aliye bondeni swali la kwanza ni la kupokea: je, antena itafaa, au ni lazima kununua ungo unaotazama angani? Muuzaji akimjibu kwamba chombo hiki kinanasa vizuri, mnunuzi hana njia ya kujua ameahidiwa lipi. Kinyambo nacho hakimwondolei utata huo, kwani kitenzi okukwata hubeba maana ya kushika na ya kukamata pia. Neno lenye utata namna hii likiandikwa katika orodha ya vifaa vya halmashauri, mzabuni aweza kuleta chombo kisichorekodi kabisa na bado akadai ametimiza mkataba.

Hatuna budi kutaja pia suala la saa, ambalo wafasiri wa vitabu vya maelekezo hulipuuza. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni saa 20:00 katika chombo. Maelekezo yakisema tu, "andika saa ya kipindi", mtumiaji ataandika 02:00, na chombo kitaamka usiku wa manane kurekodi kisichotakiwa. Huko mpakani jambo huzidi: saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na za Uganda ni sawa na zetu. Anayefuata ratiba ya Kigali akiwa Kyerwa hana budi kuongeza saa moja kabla ya kuandika.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Kupokea kutumike kwa mawimbi, na sehemu ifanyayo kazi hiyo iitwe kipokezi. Kung'amua na king'amuzi vibaki katika maana yake ya asili. Kuweka kipindi kuitwe kurekodi, na chombo kiitwe kirekodi vipindi, badala ya rekoda, ili kipate ngeli na umbo linalolingana na king'amuzi. Kilicho na kazi zote mbili kiitwe king'amuzi rekodi. Katika maelekezo, kila saa iandikwe kwa namna zote mbili: saa 2 usiku (20:00).

Tunajua tutaulizwa kwa nini tumeuacha mzizi wa Kibantu tukashika wa kigeni. Utaratibu wa kutafuta istilahi katika Kiswahili kwanza, kisha katika lugha za Kibantu, umetupatia bunge na ikulu, nasi hatuukatai. Lakini utaratibu huo ni njia ya kufikia uwazi. Kurekodi kumekwisha ingia katika kamusi na vinywani mwa watu, na katika uwanja huu kuna maana moja tu. Wasomaji walioko Kagera, hasa wajuao Kinyambo, tunawaalika kutuletea neno lililo bora zaidi, mradi litenganishe kupokea na kuweka.