Jina la sikukuu ni la Kiswahili, hotuba je?

Kila ifikapo Desemba 12, neno moja la Kiswahili hutawala vinywa vya Wakenya wote. Mtangazaji wa redio ya Kiingereza hulitamka, balozi wa kigeni huliandika katika salamu zake za heri, na hata Katiba ya 2010, katika nakala yake ya Kiingereza, imeliacha lilivyo. Kifungu cha 9 kinataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Hakuna aliyeona haja ya kuzitafsiri.

Kwa mtu wa lugha kama mimi, hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mwaka nenda mwaka rudi huwa ninajiuliza: je, Kiswahili ni mwenyeji katika sherehe hiyo, au kimeazimwa jina tu?

Tuanze na neno lenyewe. Jamhuri limetokana na Kiarabu, na asili yake, jumhur, ina maana ya umma, watu kwa wingi wao. Nchi ni jamhuri pale mamlaka yanapokuwa ya umma wala si ya mfalme. Historia yetu inaidhihirisha tofauti hiyo, ijapokuwa wengi huichanganya. Juni 1, 1963 tulipata madaraka ya kujiendeshea mambo ya ndani. Desemba 12 mwaka huo tukapata uhuru. Lakini kwa mwaka mzima uliofuata, mkuu wa dola alibaki kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, huku Mzee Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Desemba 12, 1964 ndipo Kenyatta alipokuwa Rais na Kenya ikawa jamhuri. Anayesema eti Sikukuu ya Jamhuri ni ya uhuru basi, ameimeza nusu ya maana.

Sasa tuitazame hotuba ya siku hiyo. Kwa desturi, Rais huwa na hotuba mbili kwenye jukwaa moja. Ya kwanza imeandikwa kwa Kiingereza. Humo mna bajeti, deni, ahadi na takwimu. Akimaliza, huiweka karatasi kando, akavuta pumzi na kuanza ya pili: “Sasa wananchi, hamjambo?” Hapo uwanja huchangamka. Kwa Kiswahili hicho cha papo kwa papo huja mizaha, vijembe kwa wapinzani na methali mbili tatu. Yaani, mambo ya serikali kwa Kiingereza, porojo kwa Kiswahili.

Ubaya wa mgawanyo huu huonekana zaidi nje ya Nairobi. Katika kaunti, kamishna ndiye husimama na kuisoma hotuba ya Rais kwa niaba yake. Anachosoma ni ile karatasi ya Kiingereza. Ajuza aliyeketi juani tangu asubuhi hapati hata ule mzaha. Atarudi nyumbani akiwa ameona gwaride na kusikia ngoma, ila hajui ameahidiwa nini. Na asiyejua alichoahidiwa ataidai vipi ahadi yake?

Nimezisikia hoja za wanaotetea desturi hii. Wa kwanza husema mabalozi na wawekezaji wapo jukwaani. Sawa, lakini mgeni ndiye hutafutiwa mkalimani; mwenye nyumba hahitaji kutafsiriwa mambo ya nyumbani kwake. Jirani zetu Watanzania huhutubiwa na marais wao kwa Kiswahili katika siku zao za kitaifa, na mabalozi hawajaacha kuhudhuria. Wa pili hudai Kiswahili hakina maneno ya uchumi. Huyu nampa machache aanzie: pato la taifa, mfumko wa bei, nakisi ya bajeti, deni la umma, ruzuku, riba. Maneno hayo yanachapishwa magazetini kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika katika hotuba.

Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kuwa rasmi ni zaidi ya kusemwa jukwaani. Ni kuandikwa, kuhifadhiwa na kunukuliwa. Maneno ya papo kwa papo ni rahisi kuyakana kesho. Karatasi haikaniki.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya wala tume. Waandishi wa hotuba za Rais waiandike ya Desemba 12 kwa Kiswahili kwanza, takwimu na ahadi zote zikiwemo, kisha wageni watafsiriwe. Makamishna nao wapelekewe nakala hiyo hiyo ya Kiswahili waisome. Umma ulioipa siku hii jina lake una haki ya kusomewa hesabu zake kwa lugha inayolibeba jina hilo.